Dawa, mapafu au sonona?

SWALI: Baba anapata dripu za kemotherapi ya saratani ya mapafu kila baada ya wiki 3. Siku mbili za mwanzo halali kabisa. Siku ya tano hulia na hataki kuzungumza. Anasema ni dawa tu. Nimwamini?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Huenda anasema kweli. Wagonjwa wengi hupewa pia deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu. Hiyo hufukuza usingizi, na ikikoma mtu huingiwa na huzuni kwa siku kadhaa. Msipunguze wenyewe, mwulizeni daktari kama dozi ya mwisho inaweza kumezwa kabla ya saa 8 mchana. Na akiwa hatulii kitini, ni kunyanyuka na kukaa tu, angalieni kama anameza metoklopramidi, dawa nyingine ya kichefuchefu. Hali hiyo hudhaniwa wasiwasi, kumbe ni dawa.

Weka daftari: siku ya ngapi tangu dripu, saa alizolala, hali ya hisia zake kuanzia 0 (mbaya kabisa) hadi 10 (nzuri kabisa). Kinacholetwa na deksamethasoni hurudi siku zilezile kisha huisha. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, haina ratiba hiyo. Uchovu na kukosa hamu ya kula si ushahidi wa kutosha, maana kemotherapi yenyewe huvileta. Tazama zaidi kama amepoteza raha ya mambo aliyoyapenda, anajilaumu au amekata tamaa. Ikiwa hivyo karibu kila siku kwa wiki 2, omba apimwe kwa dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima sonona. Alama 10 au zaidi kati ya 27 zinadai uchunguzi wa kina. Sodiamu (chumvi) ya damu nayo ipimwe: saratani ya mapafu, hasa aina iitwayo ya seli ndogo, huweza kuishusha mgonjwa akazubaa, na sertralini, dawa ya sonona, huweza kuishusha zaidi. Akiandikiwa dawa hiyo, nafuu huanza baada ya wiki kadhaa, na wengi huiacha mapema mno.

Hofu ikimbana kifua, akae ameinama mbele, viwiko magotini, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa. Feni ndogo ya mkononi ikielekezwa usoni huweza kusaidia. Lakini pumzi ikikatika ghafla, kifua kikiuma au mguu mmoja ukivimba, huenda damu imeganda: hospitali saa hiyohiyo.

Akisema heri afe, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake mpaka aonwe na daktari.