Mrefu kama babake: apimwe moyo

Dada wa Shela, umeuliza kama urefu wa mwanao, vidole vyembamba na macho mabovu ni vya ukoo tu, maana marehemu babake alikuwa hivyo na alianguka ghafla. Hilo la babake ndilo linalonitia wasiwasi. Fibrilini-1 ni protini inayoshikilia tishu kama kamba za jahazi. Ikiwa na kasoro, yaani ugonjwa wa Marfan, mtu huweza kuwa mrefu mwenye vidole vyembamba kama mwanao, na mshipa mkuu utokao moyoni hutanuka kimyakimya na huweza kupasuka. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kurithi. Omba kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kwa rufaa ya Mombasa, na macho pia: lenzi huweza kuhama. Dawa za kupunguza kasi ya kutanuka zipo. Kolajeni, protini nyingine ya tishu inayouzwa madukani, haitibu hili, usipoteze pesa. Kwa sasa asibebe magunia gatini.