Diski ya shingo imetokeza, mkono unakufa ganzi: ni lazima operesheni?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46 niko Masasi, nina presha natumia dawa. Huu mwezi wa pili shingo inauma, maumivu yanashuka begani mpaka kidole gumba na usiku kinakufa ganzi. Yalinianza nilivyokuwa nabeba korosho kichwani toka shamba. Nikapigwa picha ya MRI Dar wakasema diski, ule mto laini kati ya pingili ya 5 na ya 6, imetokeza. Watu wananiambia ntapooza, wengine eti operesheni ya shingo hutoki mzima, na kuna mzee anavuta mishipa anataka aninyooshe. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada yangu, pole sana. Nianze na hilo la kupooza mana naona ndo linakunyima usingizi. Ukiwapiga MRI watu wa umri wako ambao hawaumwi popote, wengi utakuta diski zao zimetokeza na wanachapa kazi kama kawaida, kwa iyo ile karatasi peke yake isikutishe. Hapo kati ya 5 na 6 panachoka sana kwa watu wengi, na mshipa wa fahamu unaotokea pale ndo unaopeleka hisia mpaka kidole gumba, yani picha na dalili zako vinakubaliana.

Wengi wenye hali hii wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu. Anzia hospitali ya Mkomaindo hapo hapo mjini, au ya Ndanda, au ya Ligula ukiwa Mtwara, uonane na mtu wa fiziotherapia, na MRI yako uende nayo. Atakufundisha kurudisha kidevu nyuma taratibu, kuimarisha misuli ya mabega, na ufanye kila siku hata kama siku hiyo hauumwi. Kichwani usibebe kitu kwa sasa, sio ndoo sio gunia, maji yaje na baiskeli au watoto wakusaidie. Kola ya shingo ni siku chache tu, ukiivaa miezi misuli inalegea afu unaumia zaidi.

Dawa sasa, hapa nakuomba uwe makini. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, zinaumiza figo na tumbo, na we una presha tayari, kwa iyo usinunue tu duka la dawa ukameza wiki nzima. Parasetamo ni salama zaidi kwako, na kama ganzi na kuwaka moto vinazidi daktari anaweza kukuandikia dawa ya mishipa ya fahamu kama amitriptilini au gabapentini.

Huyo mzee mwambie asante, usimpe shingo yako! Na saluni pia, wale vinyozi wanaokata shingo kwa kuizungusha ghafla. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, ikichanika unapata kiharusi, na diski yenyewe inaweza kutoka zaidi.

Operesheni ipo na sio kifo. Kwa kawaida wanapita mbele ya shingo, wanatoa diski, wanaunganisha pingili. Sauti kukwaruza na kumeza kwa shida kwa muda hutokea, kuumia mshipa wa fahamu ni nadra. Ila inafanywa kama nguvu ya mkono inapotea, uti wa mgongo umebanwa, au umetibiwa vizuri wiki hizo zote na maumivu bado makali, na kazi hiyo inafanyika MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Kitu cha kuchunga ni nguvu, kuliko hata maumivu. Ukiona vikombe vinakuponyoka, vifungo vya gauni vinakushinda, miguu inakuwa mizito unayumba, ukiinamisha kichwa inapita kama shoti mgongoni, au mkojo na choo havizuiliki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama shingo imeacha kuuma. Na dawa ya presha usiiache.