Barua kwa mwanangu: kwa nini hawakuitikii salamu

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba tangu upangiwe kazi huko juu kwenye msitu wa Embobut, milima ya Cherangany, watoto wakiiona sare yako ya polisi wanakimbilia msituni, na mzee uliyemwamkia aligeuza uso. Unauliza, "Mama, nimewakosea nini?"

Wewe hujawakosea. Lakini hiyo sare wameijua kabla yako.

Januari 2014 ulikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa nikiuza blanketi sokoni. Wasengwer, wawindaji wa jadi wa msitu huo, walishuka na watoto mgongoni, mwingine ameokoa sufuria moja tu. Askari wa misitu, wakisindikizwa na polisi, walikuwa wanachoma nyumba, na mahakama ya Eldoret ilikuwa imeshatoa amri wasiguswe wakati kesi inaendelea. Mama mmoja alichukua blanketi mbili kwa deni. Moto, aliniambia, umekula mizinga ya nyuki ya mumewe na nguo za shule za watoto. Nilimwambia akaripoti. Akanitazama kwa muda. "Niripoti kwa nani? Si ndio hao hao?" Alikwenda hata hivyo, akarudishwa mlangoni.

Serikali ilisema inalinda chemchemi, na kweli Cherangany inanywesha watu wengi sana. Lakini Wasengwer walikuwa humo kabla Mwingereza hajautangaza msitu wa serikali mwaka 1954, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 63, inahesabu ardhi za jadi za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Wapo waliopewa fidia ya shilingi 400,000. Wapo ambao majina yao hayakuonekana kwenye orodha.

Halafu Januari 2018 askari wa misitu wakampiga risasi mfugaji mmoja, akafa. Kesho yake Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji wa euro milioni 31. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba kilio cha watu wetu kilisikika tu pesa za wageni zilipozuiwa.

Kwa hiyo usimlazimishe mzee akuitikie. Mwamkie kesho na keshokutwa, upite. Usiingie boma la mtu usiku. Ukiambiwa uende kwenye kazi ya kubomoa, omba kuiona karatasi ya mahakama, hata kama mkubwa wako atakasirika. Najua hilo ni zito kwa konstebo mpya, na ninakuomba hivyo hivyo. Na mtu akija kushtaki, hata awe anamshtaki mwenzako wa zamu, mwandikie kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, mbele ya macho yake, umpe namba aondoke nayo mkononi.

Yule mama alinilipa blanketi zangu Agosti, shilingi yote. Namba ya OB hajapewa mpaka leo.

Mama yako