Filamu ya Mapishi Isiyopika: Ushauri kwa Anayetaka Kutazama The Hundred-Foot Journey

Anayeniomba nimpendekezee filamu ya mapishi ya kutazama na familia mwisho wa juma, aghalabu huwa ameshaisikia The Hundred-Foot Journey ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Lasse Hallström huku Steven Spielberg na Oprah Winfrey wakiwa miongoni mwa watayarishaji, na anachotaka ni kuhakikishiwa tu kwamba itamfurahisha. Ushauri wangu ni kwamba aitazame akiwa ameshiba, na asitarajie kuona chakula kikipikwa, maana hapo ndipo iliponivunja moyo.

Kisa chenyewe kinavutia. Familia ya Kadam inaondoka Mumbai baada ya mkahawa wao kuchomwa moto na mama kufia humo, na hatimaye gari lao linawakwamisha katika kijiji cha kusini mwa Ufaransa. Baba, aliyeigizwa na Om Puri, anafungua mkahawa wa Kihindi mbele ya ule wa Madame Mallory, yaani Helen Mirren, ambao una nyota moja ya Michelin, yaani tuzo ya kitabu cha Kifaransa kinachopima mikahawa kwa nyota moja hadi tatu. Kati ya milango miwili hiyo pana futi mia moja, kama mita 30 hivi. Ugomvi wa wazee hawa wawili unachekesha kweli, na laiti filamu ingebaki hapo barabarani, nisingekuwa na lawama kubwa.

Lakini Hassan, kijana wa familia hiyo, anatajwa kuwa mpishi wa kipaji, nasi tunaombwa tuamini bila kuoneshwa. Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba pilau huamuliwa na vitunguu: vikitolewa mapema wali hutoka mweupe, vikiungua huwa mchungu, na binzari nyembamba, iliki na mdalasini vina wakati wake wa kuingia. Nilitarajia kuona maamuzi ya namna hiyo. Badala yake kamera inaonesha viungo vikianguka katika mafuta, uso unaotabasamu, kisha sahani iliyokwisha kupambwa. Viungo alivyoachiwa na mama yake vinafanya kazi mithili ya hirizi: akivitia katika nyama ya Kifaransa ya boeuf bourguignon, kila mwonjaji anasadiki papo hapo. Sikumbuki chungu hata kimoja kilichomharibikia.

Tukio la kimanda ndilo linalonusurika. Hassan ameungua mikono katika moto uliowashwa na wenyeji waliowachukia wageni, kwa hiyo anampa maelekezo Mallory, naye anayapiga mayai kwa mikono yake mwenyewe mpaka anapoonja na kuelewa mbele yake yuko nani. Hapo mapishi yanabeba hadithi. Baada ya hapo filamu inakimbilia Paris, umaarufu unapatikana haraka, upweke unafuata, na kijana anarudi kijijini kabla hatujajua alikosa nini hasa. Hata ile chuki iliyowasha moto inamalizwa kwa Mallory kusugua maandishi ukutani, jambo ambalo naona ni malipo madogo mno.

Kwa hiyo, ukichagua filamu ya aina hii, jiulize katika nusu saa ya kwanza kama umeona chakula hata kimoja kikianza kibichi na kuishia mezani, na kama kuna mpishi aliyekosea kwa sababu inayotokana na jiko lenyewe, si na mapenzi au ugomvi wa nyumbani. Usidanganywe na picha za sahani katika tangazo, wala na idadi ya nyota za Michelin zinazofukuziwa. Mwandishi wa filamu hii, Steven Knight, aliandika pia Burnt ya mwaka 2015, ambamo mpishi wa London anaisaka nyota ya tatu, na humo sahani zinavunjwa zaidi ya zinavyopakuliwa.

Mwenye jioni moja tu ya kutumia ningempa Big Night ya mwaka 1996, inayowahusu ndugu wawili Waitaliano wanaoendesha mkahawa nchini Marekani katika miaka ya 1950. Nayo ina kimanda, mwishoni kabisa: mmoja wao anavunja mayai, anayakaanga, anayagawa na kula na wenzake, karibu bila neno lolote, na kamera inamngoja mpaka amalize. Watoto wadogo huenda wakachoka kabla ya kufika hapo. Hao waacheni walale, na yule aliyeahidi kupika chakula cha usiku aanze kabla filamu haijawashwa.