Maandazi yamefungwa kwenye fomu ya mteja wangu!

SWALI: Shikamoo anko. Nina kiofisi cha mikopo midogo midogo hapa Mwanza, tuko watu wanne tu. Juzi asubuhi nimenunua maandazi njiani, nimemaliza kula nataka kutupa ile karatasi naona saini naijua, kuangalia vizuri ni fomu ya mkopo ya ofisini kwetu, jina, simu, namba ya NIDA, mpaka mdhamini. Jasho lilinitoka. Kumbe kijana wa usafi anauza makaratasi kwa kilo, na mimi ndo nilimwambia atoe yale maboksi ya zamani. Sasa nimenunua shreda, ile mashine ya kuchana makaratasi, ya bei rahisi, inatosha? Na kuna kompyuta mbili mbovu fundi anazitaka kwa spea, nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya shreda, rudi kwa yule mama wa maandazi leo leo, muulize amebakiza kiasi gani na alinunua kwa nani, nunua zote, tena mpelekee magazeti ya zamani afungie biashara yake. Kijana usimfukuze, hakuna aliyemwambia kwamba hayauzwi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mzigo wa taarifa za wateja imekutwika wewe mwenye ofisi sio mfagizi.

Sasa shreda. Nyingi za bei rahisi zinachana mistari mirefu kama tambi, alafu watu wanaingiza karatasi kwa ubavu, maandishi yanafuata mkato, kwa hiyo mstari mmoja unatoka na jina zima na namba ya simu na hata mtoto anasoma. Tehran mwaka 1979, ubalozi wa Marekani ulipovamiwa, nyaraka zilikutwa zimeshachanwa hivyo hivyo, wakaitwa wafuma mazulia wakaziunganisha uzi kwa uzi mpaka kurasa zikasomeka. Tafuta inayokata vipande vidogo vidogo, ile wanaiita P-4, kipande chake hakizidi milimita za mraba 160, yaani kama milimita 4 kwa 40. Na usiilishe boksi zima kwa mpigo, hizi ndogo zinachemka haraka zinahitaji kupumzika.

Kama maboksi ni mengi loweka kwenye pipa siku mbili tatu uyaponde na mti mpaka yawe uji, hapo ndo uyatoe. Kuchoma sikushauri, achilia mbali moshi na majirani, bunda la karatasi linaungua pembeni tu, ukilipasua katikati unalikuta jeupeee na kila kitu kinasomeka.

Ila usije ukaponda kila kitu kwa hasira! Kumbukumbu za kodi TRA wanataka ukae nazo miaka 5, na za wakopaji huenda ukatakiwa uzitunze zaidi, muulize mhasibu wako kwanza. Risiti za EFD zinafifia zenyewe, hizo zitoe kopi mapema.

Kompyuta mpe fundi, lakini ile hadi diski (hard disk), inayotunza mafaili, ubaki nayo wewe. Kufomati haraka kunafuta orodha ya mafaili tu, mafaili yenyewe yapo na programu za kuyarudisha ni za bure. Kama ni ile ya sahani inayozunguka, itoboe na drili sehemu kadhaa mpaka upite kwenye sahani. Kama ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, au flashi, sumaku haifanyi kitu, vunja chipu zenyewe. Usione ni woga wa kizee, Morgan Stanley, benki kubwa ya Marekani, mwaka 2022 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa sababu vifaa vyake vya zamani ilipewa kampuni isiyo na ujuzi wa kazi hiyo, vikaishia kuuzwa mnadani na taarifa za wateja zikiwa humo ndani.

Na ile mashine ya fotokopi, kama ni kubwa ya kusimama chini, nyingi zina hadi diski ndani na kopi ulizotoa zinaweza kuwa zimebaki humo. Siku ukiiuza anza na hiyo.