SAUT ilianza 1960 au 1998?

Ndugu, wewe na shemeji yako mnaobishana wote mko sahihi. SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, ilipata hadhi ya chuo kikuu 1998, ila shule yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi wa shirika la Mapadre Weupe, alianzisha pale Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii. Baadaye kikaitwa taasisi, ndiyo hiyo NSTI (Nyegezi Social Training Institute) ambayo wazee wa magazeti na uhasibu bado wanaitaja kwa majivuno. Maaskofu Katoliki ndio walioigeuza kuwa chuo kikuu.

Kukua kwake sasa, hapo ndipo patamu. Kutoka Malimbe, iliko kampasi kuu, kilizaa vyuo vishiriki huko Mtwara, Iringa, Moshi, Tabora na kwingineko, na baadhi vimeshajitegemea. Hata kile cha udaktari cha Bugando, juu ya kilima kule mjini, kilianza 2003 chini ya SAUT.

Na usichanganye na chuo cha uvuvi, nacho kipo Nyegezi, lakini ni cha serikali.

Ukija, shuka stendi ya Nyegezi umwambie bodaboda "Sauti", hakuna anayetamka herufi mojamoja. Utapita mawe makubwa yaliyopandana, halafu ghafla ziwa hilo hapo. Jioni utakuta wanafunzi wamekaa juu ya mawe na madaftari, ingawa wengi wanachosoma ni simu.