Chuma cha moto ndani ya beseni la maji

*Shikamoo mzee. Mwalimu wetu ametuonyesha maji yakizunguka kwenye beseni la plastiki angavu, akasema hivyo ndivyo chuma kilichoyeyuka kinavyotiririka. Lakini chuma ni kizito mara 7 kuliko maji! – Mwanafunzi wa uhandisi, Kampala*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu hakudanganyi. Kwenye nyuzi 1,600 chuma ni kizito hivyo kweli, ila mnato wake, yaani ugumu wa kutiririka, nao unazidi wa maji mara 6 hivi. Gawanya mnato kwa densiti, utapata namba inayokaribiana sana na ya maji ya mfereji. Mkondo wa chuma na wa maji hupinda na kuzunguka karibu sawasawa, tofauti ni kwamba mmoja unaunguza.

Sasa kwa nini tujisumbue? Kiwandani chuma hutoka kwenye ndoo kubwa, huingia beseni la kugawia, ndipo kishuke kwenye kalibu. Beseni hilo ndilo nafasi yetu ya mwisho ya kusafisha. Tukitia alumini ili kuondoa oksijeni, huzaliwa chembe za oksidi zilizo nyepesi kuliko chuma, nazo huelea. Chembe ya mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, hupanda kama milimita 3 kwa sekunde. Ya mikroni 10 huenda polepole mara 100! Kwa kina cha nusu mita, ya kwanza hufika juu kwa dakika 3 hivi, ya pili kwa karibu saa 5, na hakuna beseni linalongoja saa 5.

Kwa hiyo tia wino kwenye maji ya beseni lenu la plastiki, lililo mfano wa hilo la kiwandani, utazame. Ukiona umekimbia moja kwa moja hadi tundu la kutokea, uchafu nao unapita njia hiyo hiyo ya mkato. Weka kizuizi sakafuni, mkondo utainuka na kupeleka chembe kwenye slagi, yaani takataka iliyoyeyuka inayofunika chuma juu. Wazee waliiita mavi ya chuma. Jina halina adabu, lakini kazi yake hapo ni kunywa uchafu.

Maji hayakuambii yote. Hayaonyeshi chembe zinavyoganda mdomoni mwa tundu mpaka lizibe, wala chuma cha moto zaidi kinavyopanda juu ya kilichopoa.

*Kwetu chuma cha mwisho wa ndoo huwa kichafu zaidi. Ni macho yangu? – Mfanyakazi wa kiwandani, Jinja*

Si macho, ndugu. Umeshaona maji yakiisha kwenye sinki, yanavyofanya kizingia na kuvuta povu? Slagi huvutwa vivyo hivyo. Bakizeni chuma kidogo ndani ya ndoo. Na kama mkondo wenu unaanguka wazi, hewa inaunda oksidi mpya kila sekunde. Ufunikeni kwa bomba la udongo wa tanuri.

*Bosi anataka programu ghali ya kompyuta ya kuiga mtiririko. Inafaa? – Dada wa maabara, Tororo*

Anza na OpenFOAM, ni ya bure. Kompyuta haigomi ukiilisha uongo, dada: ukikisia joto na kasi ya kumimina, itakuchorea picha nzuri isiyo na maana. Mimi ningejenga beseni la maji kwanza, kisha nidai programu itoe jibu lile lile.

*Je, nitaona uchafu huo kwenye nondo? – Mkandarasi, Mbarara*

Kwa macho, mara chache sana. Nondo huvumilia, waya mwembamba wa ndani ya tairi hauvumilii.

*Tukiboresha mtiririko, shaba iliyomo kwenye vyuma chakavu itaondoka? – Msomaji, Jinja*

Hapana. Chuma hushika oksijeni kwa urahisi kuliko shaba, hivyo shaba haiendi kwenye slagi, inabaki. Baadaye, chuma kikipashwa moto, ngozi yake huungua kuwa magamba, shaba iliyoachwa huyeyuka na kupenya, uso ukapasuka. Iondoeni uwanjani, kabla ya tanuri. Na msitegemee sumaku peke yake: huinua mota nzima, pamoja na shaba yote iliyo tumboni mwake.